Moshi wa Tanuri la Baba

Harufu ya pumba za mpunga zikiungua hunirudisha kijijini Nkololo, kwenye tanuri la matofali la baba. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, msimu ambao mvua za vuli zilituruka na pamba ikanyauka ikiwa na majani manne tu. Kwetu, mvua ikikosekana, anayeshukiwa kwanza ni yule anayenufaika na jua, na nani kama mfyatua matofali? Wakasema baba ameifunga mvua. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaitisha mkutano, na sote tuliijua adhabu: kutengwa, usisalimiwe, usiombe hata moto kwa jirani. Mama alianza kufunga vyombo kabla ya hukumu.

Nilimfuata mama mkutanoni, nikakaa nyuma yake. Kiongozi wa sungusungu alimwambia baba, "Ng'wana Masanja, fungua mvua. Watoto wanalala njaa." Kabla baba hajajibu, akasimama Mwalimu Kabula, aliyetufundisha jiografia na kupima mvua kila asubuhi kwa kopo la shuleni. Hakupaza sauti. Alieleza kwamba mlima wa moto ulikuwa umelipuka ng'ambo ya bahari, redio imetangaza. Kwamba mlipuko mkubwa hurusha moshi juu kuliko mawingu, ukatanda miezi mingi na kulifunika jua kidogo, na bahari ikipoa mvua huweza kupungua au kuhama njia.

"Kwa hiyo ni huo mlima?" kiongozi akauliza.

"Sijui, mzee. Huenda ndio, huenda sio. Huo moshi umepita mawingu na bado sina hakika nao. Huu wa tanuri haufiki hata hapo Mkula kwa majirani."

Watu wakacheka, na baba akacheka huku machozi yakimtoka. Hatukutengwa. Mpaka leo sijaona mtu mwingine aliyeiokoa familia nzima kwa kukiri kwamba hajui.

Siku hizi nina utabiri wa wiki nzima kwenye simu, na habari za volkano nimezisoma kuliko alivyopata kuzisoma Mwalimu Kabula. Mwaka jana mvua ilipochelewa, mtu aliandika kwenye kundi la kijiji la mtandaoni kwamba kijana mwenye mashine ya matofali ndiye kaifunga. Jibu lote nilikuwa nalo. Nikasubiri mwingine aanze. Jioni yule kijana alijiondoa kwenye kundi.