Likizo ya Mzee Shabani

Usiku ule kwangu ulianza saa nne asubuhi, jua likiwaka na jirani akipiga redio. Nilikuwa nimetoka zamu ya pili mfululizo kwenye gari la wagonjwa, na nilishamkubalia matroni kwamba jioni nitarudi kwa ya tatu. Likizo yangu nilikuwa nimeiahirisha tena. Nikalala na viatu miguuni na glovu moja mkononi. Ya pili mpaka leo sijui ilipo.

Mara nikasikia honi uani. Ni Mzee Shabani, dereva wetu, ambaye tulimzika masika iliyopita na nikalia mpaka nikashikiliwa. Lakini yupo, amevaa kanzu yake ya Ijumaa, kakamata usukani. Nyuma, kwenye kiti changu, wameketi kuku watatu, wametulia kama ndugu wa mgonjwa.

Nikampa shikamoo. Hajamaliza marahaba, nimeshamshika mkono natafuta mapigo ya moyo. Hakuna. Nikamlaza chini, nikaanza kumbonyeza kifua huku nahesabu kwa sauti.

"Sista, hebu niache," akasema, mwili mzima ukimtikisika. "Mimi nimeshakufa. Unanivunja mbavu bure."

"Tulia, Mzee, utapona."

Kuku wakatazamana.

Sasa gari linakwenda, king'ora kinalia, na aliyelala kwenye machela ni mimi, nimefungwa mikanda. Hakuna anayeniita. Napenda kulala pale, na naona aibu kwa jinsi ninavyopenda.

Tukasimama shambani kwake, mbele ya banda jipya la kuku. Banda lile alilizungumzia miaka yote. Kila mwaka alisema akipata likizo atakwenda kulijenga, na kila mwaka aliisogeza mbele, eti nani ataendesha gari. Akafungua mlango, kuku wakashuka mmoja mmoja bila haraka.

"Likizo yangu ndiyo hii," akasema. "Nimeipata nikiwa maiti. Banda zuri, lakini mayai siwezi kuyala tena." Hakuwa anacheka. "Wewe yako ichukue ukiwa hai, binti yangu."

Nikalia. Nilikuwa nimemkumbuka sana, na nilikuwa nimechoka, na uchovu huo sikuwahi kumwambia mtu.

Simu ikaniamsha. Vidole vyangu vilikuwa vimembana mume wangu kwenye kifundo cha mkono. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na kikombe cha uji, anaogopa kusogea.

"Nitapona?" akaninong'oneza.

Nikapokea simu. Alikuwa matroni.

"Sista Neema, jiandae, gari linakuja kukuchukua."

"Siji, mama. Naomba likizo yangu."

"Leo? Nani kakutuma?"

Kichwa kilikuwa bado kizito, ukweli ukanitoka wenyewe. "Mzee Shabani. Kanijia ndotoni sasa hivi. Kasema niichukue nikiwa hai."

Nikajua kazi sina. Mume wangu akaweka kikombe chini.

Kisha nikasikia matroni anafunga mlango wa ofisi yake, anarudi kwenye simu, na sauti yake imekuwa ndogo.

"Na mimi," akauliza, "hakuniulizia?"