Katiba Niliyomwandikia Mwenyekiti wa Maji

Wiki tuliyomzika mama, mwenyekiti wa maji alifunga koki ya kitongoji chetu. Alisema tumechelewa kusafisha tenki. Sababu yenyewe kila mtu aliijua: baba alimpinga kwenye mkutano. Wanawake waliokuja kutupikia msibani wakashuka ziwani na ndoo, wakapanda nazo kilima. Mimi mfiwa nilitakiwa kukaa mkekani, lakini nilinyanyuka nikashuka nao. Njiani shangazi alinishika mkono.

"Lia, mwanangu, usinyamaze hivyo."

Sikulia. Nilikuwa nawaza ule ufunguo wa koki uliokuwa ukining'inia kiunoni mwa mwenyekiti.

Nikarudi Mbinga kazini. Nafundisha historia kidato cha tano na cha sita, na muhula ule tulikuwa kwenye katiba ya Marekani. Miaka yote niliifundisha kama kitu cha kukariri kwa ajili ya mtihani. Safari hii niliifundisha kwa hasira. Niliwaeleza wanafunzi kwamba watu wale walikuwa wametoka kupigana na mfalme, wakakaa kuunda serikali wakiwa bado wanamkumbuka. Ndiyo maana anayetunga sheria si anayeitekeleza, na anayeitekeleza si anayehukumu. Ndiyo maana majimbo yalikubali kuungana bila kukubali kumezwa: madaraka ambayo katiba haikuikabidhi serikali kuu yalibaki kwa majimbo au kwa wananchi. Kila nilipogeukia ubao nilimwona mtu wetu. Alitunga sheria za maji mwenyewe, alishika ufunguo mwenyewe, na ukitaka kulalamika, unalalamika kwake.

Baadaye vitongoji vyote vilitakiwa viungane kwenye chombo kimoja cha watumia maji, chenye katiba yake. Mwenyekiti ndiye aliyependekeza niiandike. "Mwalimu ni binti yetu," aliwaambia wazee. Nadhani aliamini kwamba nikipewa heshima nitasahau.

Niliandika likizo nzima, kwenye meza ya baba. Kifungu cha kwanza kabisa kilisema kwamba yeyote aliyewahi kufungia maji nyumba yenye msiba hatagombea uongozi. Baba alikisoma, akavua miwani.

"Hii ni sheria au ni jina la mtu?"

"Ni sheria, baba."

"Na angekuwa yeye ameniandikia mimi, ungesemaje?"

Nilijua ningesema nini, kwa sababu nalifundisha kila mwaka. Wamarekani walilikataza bunge lao kumwadhibu mtu kwa kumtungia sheria badala ya kumpeleka mahakamani, wakakataza pia sheria ya kuadhibu jambo lililotendeka kabla haijakuwepo. Nikakifuta. Sikukifuta kwa huruma. Niliona kwamba angekisoma, angejitambua, na angeiua katiba nzima.

Nikaanza upya, taratibu. Kila kitongoji, kikubwa kwa kidogo, kiwe na wajumbe sawa kwenye baraza. Ufunguo ukae kwa fundi, naye asifunge koki bila idhini ya kitongoji husika. Malalamiko yasikilizwe na wazee wasio na cheo kingine. Kitongoji chochote kiweze kumshtaki kiongozi, na theluthi mbili za baraza zimwondoe. Mwenyekiti nilimwachia kuendesha vikao na kukata utepe. Aliupenda sana ule utepe. Mkutanoni aliisifu katiba, akasaini wa kwanza.

Haikuchukua muda. Kitongoji cha juu kabisa kilimnyima eneo la kufyatulia matofali, naye akamwamuru fundi akifungie maji. Fundi, mtu aliyetoka kijiji cha Kingerikiti, asiye na maneno mengi, akamuuliza, "Idhini yao iko wapi?" Mwenyekiti akamnyang'anya ufunguo, akapanda kufunga mwenyewe. Watu wa juu wakamshtaki barazani.

Nilishuka kutoka Mbinga kwa ajili ya kikao kile tu. Nilikaa mahali ambapo angeniona. Walimpa nafasi ya kujitetea, kama nilivyoandika, akajitetea kwa muda mrefu, mpaka watu wakaanza kutazama usipa wao, wale dagaa wa ziwani, ulioanikwa nje. Kisha mikono ikapanda. Hata wa kitongoji chake walinyoosha. Sikuondoa macho usoni mwake, na wala sikujifanya nasikitika. Jioni ile nilikula vizuri.

Mwezi huu alikuja nyumbani kwa baba akanikuta. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitika, nikampa kiti na chai.

"Mwalimu, kile kifungu cha kuondoa viongozi ni kikali. Hukirekebishi?"

"Mimi sina uwezo huo. Kinarekebishwa robo tatu ya vitongoji vikikubali."

"Sasa nianzie wapi?"

"Anzia kwa wale wa juu, uwaombe."

Alikunywa chai polepole. Akauliza kama bodaboda ya kwenda huko inapatikana saa zile. Nikamwambia kule bodaboda hazifiki, watu wanapanda kwa miguu.