Kifurushi cha Mouna chavuka ziwa

Imetangazwa rasmi, kwa mhuri na sahihi mbili, kwamba mji wa Kalemie sasa umeunganishwa na dunia bila kukatika. Mouna, fundi wa kompyuta karibu na gare, yaani stesheni ya treni, alilisikia tangazo hilo redioni, siku ya nne tangu intaneti ipotee.

Kwa miaka mitatu amekuwa akifungasha, bila malipo, programu ndogo ya mfumo wa kompyuta wa Linux: ukichomeka flash, inaifungua yenyewe. Safari hii ilikuwa na kosa baya. Alishalirekebisha, ila kifurushi kipya cha programu kisipowafikia wasimamizi wa Linux kabla ya Ijumaa jioni, programu ingeondolewa kwenye toleo jipya la mfumo. Ilikuwa Jumatano.

Akakitia kifurushi sahihi yake ya siri ya kompyuta, ya kuthibitisha ni chake, akakinakili kwenye flash, akakimbia bandarini kwa Mama Zaituni, muuza vitenge aliyekuwa akipanda boti ya Kigoma, ng'ambo ya ziwa, ambako intaneti ilikuwepo.

"Umupe Abdoul, mutoto wa shangazi yangu. Yeye atatuma. Isilowane, Mama!"

"Miaka tatu ya kazi, njo hii tu? Hata kidole changu kinaizidi."

Akaifunga kwenye pembe ya kitenge.

Alhamisi upepo ulichafua ziwa. Mouna alifungua kompyuta ya mteja mmoja mara tatu, bila kukumbuka ilikuwa na ugonjwa gani.

Ijumaa alasiri Abdoul akapiga simu kutoka Kigoma. Alikuwa ametuma, na kifurushi kimekubaliwa. Kisha Mama Zaituni akaomba simu, akauliza kama flash aiache hukohuko.

Mouna akamwambia arudi nayo, kwa kuwa marekebisho ya mwezi ujao yatapita kwake pia.