Kilo Tatu za Mzee Nasiri

Asubuhi ambayo Mzee Nasiri anafariki, turubai la msiba bado linafungwa Mama Jovita anapoingia uani. Ni muuza samaki wa soko la Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Analia vya kutosha, anawapa wafiwa mkono mmoja mmoja, kisha anamwita pembeni Karimu, fundi aliyefanya kazi na marehemu tangu ujana wake.

"Pole sana, mutoto wangu. Mizani yangu iko wapi? Mitumbwi imeshafika."

Karimu anaingia karakana, anaitoa kwenye msumari, anampa. Hajui kwamba amempa nusu ya kazi.

Karimu, 34, hutengeneza mashine za boti karibu na bandari. Nyingi ni mashine ndogo za wavuvi. Zinazompa jina ni chache: boti za mwendo kasi zenye injini ndani, na nje, nyuma, mguu wenye gia na pangaboi. Mguu huo ukiwekewa beringi mpya, inabaki kazi moja ngumu: kukaza nati ya shafti kwa kiasi chake.

"Ikilegea, gia zinasagana meno," anasema. "Ikikaza kupita, beringi zinaungua. Na habari hizo utazipata ukiwa katikati ya ziwa."

Mzee Nasiri alipima hivi: alizungusha uzi wa wavu kwenye shafti, akafunga ncha kwenye ndoano ya mizani ya samaki, akavuta polepole hadi shafti izunguke. Mshale ukitulia kwenye kilo tatu, nati imefika. Mizani aliiazima kwa Jovita soko likifungwa.

Baada ya mazishi, Madamu Chanceline, ambaye boti yake hubeba abiria hadi Kabonga, alileta mguu wake. Karimu alinunua mizani mpya, akafunga uzi, akavuta hadi kilo tatu.

Boti haikufika mbali. Mguu ulichemka, na abiria wakarudishwa kwa mtumbwi wa kuvulia ndagala, dagaa wa huko, mmoja wao akiwa na suti ya harusi.

"Ninakupa mara moja tena, fundi," Chanceline alimwambia. "Ukiunguza, mguu unapanda gari kwenda Bujumbura. Na wateja wako wote watatazama ukiupakia."

Karimu alifungua. Beringi zilikuwa zimegeuka buluu kwa joto: zilikazwa kupita.

"Nikasema, Mzee, angalia hii," anakumbuka. "Bado nasema hivyo. Halafu nakumbuka, naendelea."

Kilo zilikuwa tatu zilezile, na uzi uleule. Kilichobadilika ni mizani. Basi akachukua ile mpya mkononi, akaenda sokoni, wanunuzi wakiwa wamejaa, akauliza kama fundi:

"Mama, mizani yako inazidisha kiasi gani?"

Wanunuzi wakageuka.

"Karimu," akasema Jovita, samaki aina ya mukeke mkononi, "mimi nilikuja kwenu kulia. Wewe umekuja kwangu kunizika?"

"Si kwa ubaya, mama. Ni kwa ajili ya beringi."

"Mzee wako aliijua mizani hii kuliko mimi. Aliwahi kuniuliza kitu? Alivuta uzi wake, akarudisha, akashukuru, murakoze, akaenda."

Mteja mmoja, Mwanahamisi, akarudisha samaki wake mezani. "Mimi nipimie kwa hiyo ya fundi." Waliokuwa nyuma yake wakasema hata wao.

Jovita akatazama foleni, akamtazama Karimu, akaishusha mizani yake kutoka kwenye kamba.

"Lete hiyo yako. Chukua hii, na nisikuone hapa mpaka Idi."

Karimu aliweka beringi nyingine, akapima tena kwa mizani ya zamani. Kilo tatu zilifika mapema, nati ikiwa bado haijakazwa sana. Siku ya majaribio alipanda mwenyewe, Chanceline akiwa amekaa kando yake kama polisi. Kabonga waliinua mguu, wakatoa mafuta kidogo. Yalikuwa safi, hayana harufu ya kuungua.

"Basi nirudishe nyumbani," akasema Chanceline.

"Sifa niliyopewa ni hiyo tu," Karimu anasema.

Mpango wake ni kutundika mizani zote mbili pamoja, ajue kilo tatu za Mzee ni ngapi kweli, ili fundi mwingine aweze kufundishwa. Jovita ameshasikia.

"Aniambie siku tu," anasema, "nitakuwa safarini."

Kwa sasa boti ya Chanceline inaondoka Rumonge kila Jumanne na Ijumaa. Mama Jovita anapimia mizani mpya, na mukeke wake umepanda bei.