Sweta la Kompyuta ya Kaengesa

Mjini Sumbawanga, katika miaka ile ambayo maduka ya umma yalikuwa yamekwisha kufa na kila mwenye mtaji aliweza kuleta bidhaa aitakayo, Coleta Fabiani alijulikana kama fundi anayelisha kompyuta ugali. Waliompa jina hilo walidhani wanamdhihaki. Yeye aliitika kwa jina hilo kama anayeitwa kwa cheo.

Kompyuta za siku zile zilifika vipande vipande, kasha kutoka kwa mfanyabiashara huyu, feni kutoka kwa yule, vingine kupitia mpaka wa Tunduma ndani ya magunia ya mitumba. Soko huria lilileta kila kitu isipokuwa vitu vinavyolingana. Mafundi wengi waliunganisha hivyo hivyo. Feni ikiwa ndefu na kasha likikataa kufungwa, waliuweka mfuniko kando na kumwambia mteja kwamba mashine hupumua vizuri zaidi ikiwa uchi. Mteja alishukuru. Vumbi la kiangazi likaingia, likalala kwenye feni, na kabla mwaka haujageuka mashine ikawa meza ya kuwekea vikombe.

Coleta hakufanya kazi ya namna hiyo. Kabla ya kukaza skrubu hata moja, alikata donge la ugali mgumu wa ulezi, akalifunga kwenye nailoni, akaliweka juu ya feni inayoupoza ule ubongo wa mashine ambao mafundi huuita prosesa. Alifunga mfuniko wa kasha, akaufungua tena, akalitazama donge. Likitoka na unene wa kidole, hewa ina njia. Likitoka bapa kama chapati, kasha na feni havielewani, na yeye havifungi. Mbinu hiyo aliipata kwa baba yake mdogo, fundi wa matrekta, aliyekuwa akipima nafasi ndani ya injini kwa udongo mbichi. Mtu anayepima kwa jicho, mzee yule alikuwa akisema, anapima tamaa yake.

Mwaka 2002, chama cha akina mama wafumaji wa Kaengesa kilikata shauri kununua kompyuta. Walifuma masweta ya wanafunzi, na shule zilikuwa zimeanza kutaka barua zilizopigwa chapa. Baadhi yao walisema inunuliwe Mbeya ikiwa imekamilika, ndani ya boksi lake. Hapo akasimama Rozina, mama yake Coleta, mfumaji ambaye masweta yake yalirithiwa na wadogo watatu bila kufumuka.

"Binti yangu anaziunda," alisema. "Ikiharibika, mnishike mimi."

Coleta alipopata habari hiyo, kifua kilimjaa, halafu kikaingiwa na hofu. Mama yake hakuwa mtu wa kutoa neno akalirudisha. Sasa jina lake na la mama yake yalikuwa yamefungwa katika kasha moja, na kasha lenyewe lilikuwa bado halijanunuliwa.

Alikwenda dukani kwa Kornel, muuza vifaa vya umeme karibu na soko.

"Dada Coleta, hili limeshuka jana," Kornel alisema, akilipangusa kasha jembamba, jeusi, lenye taa ya buluu usoni. "Akina mama wa Kaengesa wakiliona hili watakuvika vitenge."

Coleta alitoa donge kwenye mkoba.

"Haya jamani, chakula cha mchana," Kornel aliwaambia wateja, nao wakacheka.

Aliipanga bodi na feni ndani ya lile kasha jeusi, akaweka donge, akafunga, akafungua. Donge lilikuwa limekwisha habari yake. Kisanduku cha umeme kilining'inia juu ya feni na kukaribia kuigusa.

"Kitailalia feni," alisema. "Hewa ipite wapi?"

"Si uache mfuniko wazi? Wote mjini wanaacha."

"Wakiacha wote ndiyo inakuwa halali?"

"Dada, hapa Sumbawanga. Juni hii watu wanalala na makoti. Kitu gani kitapata joto?"

"Wewe ukipandisha mlima na gunia mgongoni hutoki jasho kwa sababu ni Juni?"

Kornel akapandisha sauti. "Basi chukua lile kule nyuma. Ila usiseme nimekuuzia mimi."

Kasha la nyuma lilikuwa pana kama sanduku la mwanafunzi wa bweni, rangi ya majivu, halina taa wala urembo. Donge liliingia na kutoka vilevile. Coleta alilibeba kichwani mchana kweupe, katikati ya soko, na hakuna siku aliyotembea amenyooka kama siku ile.

Kaengesa hawakuliona kwa macho yake. Akina mama walikuwa wamefagia ofisi na kutandika kitambaa mezani. Mama Cornelia, mwenyekiti, alilizunguka lile kasha taratibu.

"Si baya," alisema, kwa sauti ya mtu aliyepewa kiatu ambacho si namba yake.

"Za wenzetu wa Matai zina taa mbele," ikatoka sauti nyuma.

Rozina aliketi wima, midomo imekazwa. Coleta aliwaeleza kwa nini kasha ni pana, kwamba hewa baridi huingia mbele kwa chini na ya moto hutokea nyuma kwa juu. Alimwonyesha Rhoda, katibu wa chama, asilisukumie kasha ukutani. Mashine ikawashwa, ikafanya kazi vizuri, wakala wali, akarudi mjini.

Haukupita muda mrefu dereva wa lori akamletea ujumbe: mashine inazimika yenyewe kila asubuhi, kazi inapokolea.

Coleta alituma jibu kwamba anakuja, akaenda. Alimkuta Rhoda anamsubiri, mikono mapajani. Mashine ilifanya kazi tangu asubuhi hadi jenereta ya misheni, iliyoipa ofisi umeme, ilipozimwa, bila kutikisika. Alilifungua kasha, akapima upya kila kitu. Hapakuwa na kosa. Alirudi Sumbawanga, na mashine ikaanza tena ukaidi wake. Mara ya pili ikawa vilevile.

"Mwanangu, mashine yako inakuogopa wewe," Mama Cornelia alimwambia, na wenzake wakacheka kicheko chenye miiba. "Ukigeuka tu, inatuzimikia. Sasa kikao cha Jumamosi kitaamua. Wanaotaka ya Mbeya wameongezeka."

Coleta aliyavumilia maneno hayo. Lililomuumiza ni kumwona mama yake, ambaye daima alikaa benchi la mbele, ameketi karibu na mlango.

Alhamisi alipanda lori bila kutuma salamu kwa mtu. Alisukuma mlango wa ofisi akamkuta Rhoda anapiga chapa, na kando ya kioo cha kompyuta, lile kasha la majivu limevaa sweta.

Lilikuwa sweta la bluu iliyoiva, lenye mistari miwili myeupe pembeni kama la sekondari. Mbele palikuwa na tundu lililopindwa vizuri kwa ajili ya kitufe cha kuwashia, na jingine la kuingizia disketi. Nyuma lilifunika kote, limeacha upenyo mdogo wa nyaya, kisha limekazwa kwa kamba. Halikuwa na kunyanzi hata moja. Coleta aliweka kiganja juu yake, akahisi joto la mtoto mwenye homa.

"Rhoda, hiki nini?"

"Sweta."

"Kwani nilipokuja lilikuwa wapi?"

"Nilikuwa nalivua. Daktari akija kumpima mtu, mtu anavua."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie nini, dada? Sweta ni sweta."

Ndipo mashine, kama iliyosubiri shahidi, ikazimika.

Coleta aliifungua ile kamba. Hakuhitaji kuuliza mfumaji ni nani. Ukingo ule, uliokunjwa mara mbili ndani ili usilegee, alikuwa ameuvaa utotoni mwake mwote.

"Yalimuuma mama yako," Rhoda alisema kwa sauti ya chini. "Yale maneno ya kwamba kasha ni baya. Alikuja na uzi akapima, akafuma, akalileta. Alisema mashine ya mwanawe haitakaa uchi na baridi hii huku watu wanaicheka."

Kisha Rhoda, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamsogelea. "Liondoe tu kimya kimya, dada. Jumamosi sema ilikuwa jenereta. Umeme wa pale unacheza kila siku, nani atabisha? Mama yako atabaki na heshima yake, na wewe na yako."

Na kweli hakuna ambaye angebisha. Uongo wa kumstahi mzazi una sura nzuri, ndiyo maana watu wema huuzoea, na ukishazoeleka hakuna anayejua tena kitu gani nyumbani kwake ni kizima na kipi ni kibovu. Coleta alilikunja sweta, akaliweka kwapani, akatoka kuelekea kwa mama yake. Hakuwa amewahi kumwambia mama yake kwamba amekosea, katika jambo lolote, tangu azaliwe.

Rozina alikuwa uani anapepeta ulezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja bila salamu." Macho yake yakatua kwenye sweta. "Limechafuka?"

"Halijachafuka. Ndilo linaloizima mashine."

Ungo ukasimama. "Sweta langu?"

"Lako, mama. Ile mashine inavuta hewa mbele na kutoa joto nyuma. Wewe umeziba kote. Lingefumwa na mtu asiyejua, likabaki na matundu matundu, labda hewa ingepita. Lakini umelifuma wewe."

Rozina alilichukua, akalipitisha vidole kwenye mshono, kama anayetafuta kosa la mkono wake asilione. "Nilidhani baridi inaingia kwenye nyaya," alisema. Halafu: "Nani mwingine anajua?"

"Rhoda."

"Na Rhoda anasemaje?"

"Anasema niseme ilikuwa jenereta."

"Na wewe?"

"Siwezi, mama. Nimekuja kwako kwanza usije ukasikia mbele ya watu."

Rozina alirudi kwenye ungo wake. Alipepeta, makapi yakaruka na upepo, na Coleta akasimama pale pale akisubiri kukemewa. Alijua kwamba akikemewa hatajibu, na Jumamosi atasema hivyo hivyo.

"Jumamosi wewe kaa," mama yake alisema mwishoni. "Nitasema mimi."

Siku ya kikao Rozina alipita mlangoni bila kusimama, akaenda kuketi benchi la mbele. Mama Cornelia alipolitaja suala la kompyuta, Rozina alinyanyuka na sweta mkononi.

"Niliwaambia ikiharibika mnishike mimi. Nishikeni. Mashine ya mwanangu ni nzima. Mimi ndiye niliyeivalisha sweta ikakosa pumzi."

Kisha mabega ya Mama Cornelia yakaanza kutikisika, akacheka hadi akajifuta machozi kwa upindo wa kitenge.

"Rozina. Ungeifumia na soksi."

"Ingekuwa na miguu, ningefuma."

Chumba chote kikaangua kicheko, na safari hii hakikuwa na miiba. Rozina aliwaacha wacheke wamalize. Halafu akautafuta mwisho wa uzi, akauvuta, na sweta lile lisilo na kasoro likaanza kufumuka mbele yao, mstari kwa mstari, yeye akiuzungushia uzi kwenye kiganja.

"Mfumaji anayeona haya kufumua atazeeka na kosa lake," alisema, akaketi akiendelea kuvuta.

Mashine iliwashwa hapo hapo, ikaachwa inanguruma kasha lake likiwa wazi kwa macho ya wote, pana na lisilo na taa. Walijadili bei ya nyuzi, wakagombana kuhusu zamu za usafi, wakala, wakarudi kikaoni, na ilikuwa bado inafanya kazi jenereta ilipozimwa. Habari ya Mbeya haikupigiwa hata kura. Mwanamke yule aliyezisifu za Matai alimvuta Coleta pembeni, akamuuliza kama ni kweli anazilisha ugali, na kama wa mahindi unafaa.

"Wa ulezi," Coleta alimjibu. "Wa mahindi unakatika."

Alasiri Rozina alimsindikiza mwanawe hadi barabarani kusubiri gari la Sumbawanga. Walitembea bila maneno mengi. Rozina aliwaamkia watu wa pande zote mbili za njia, kichwa juu, na wengine aliwapa sababu ya kusimama ili wamtazame vizuri huyo aliyefuatana naye.

Kwenye njia panda walimkuta mzee Yonas, jirani yao, ameegemea baiskeli. Habari za kikao zilikuwa zimekwisha kumfikia, kama habari za kila kikao.

"Mama Coleta," alisema kwa ucheshi wa kichokozi, "nasikia binti kakuumbua. Sweta zima limerudi kuwa uzi."

"Hajaniumbua. Ameniambia nimekosea, akaja kuniambia nyumbani kwangu, kabla ya mtu mwingine yeyote." Rozina aliweka mkono begani mwa mwanawe, jambo asilolifanya ovyo. "Wewe watoto wako sita wanakwambia ukikosea?"

Mzee Yonas aliiweka sawa kofia yake, akatazama barabara upande wa Sumbawanga, kisha akauliza kama gari limeshapita.