Kondoa, kwa Ajili ya Vidonge vya Mzee Idd

Nilikwenda Kondoa kwa sababu damu ya Mzee Idd ilinishinda. Mkulima huyu wa alizeti alipandikizwa figo ya mdogo wake, Salima, na mimi ndiye ninayempimia dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo hiyo. Mwezi wa tatu mfululizo dawa ilikuwa chini mno kwenye damu, na figo ilianza kuchoka. Nikimpigia simu, ananijibu, "Vidonge vinaisha kwa wakati, daktari." Ikiendelea hivyo, figo ya Salima ingefia mwilini mwa kaka yake.

Niseme ukweli, nilijiona nina jibu tayari. Miaka kumi na tano nimetafiti jambo hilo hilo: miili ya wengi wetu huivunja dawa hii upesi kuliko vitabu vya ugenini vinavyosema. Zamani damu tuliipeleka nje tukasubiri majibu. Leo mashine ya kuipima iko Dodoma na wanaoiendesha nimewafundisha mimi. Najivunia hilo, wala sioni haya kulisema. Basi nikaandika kwenye karatasi dozi mara mbili ya ile ya kwanza, ikabaki kutia sahihi tu. Hapo nikasita, maana dawa hiyo ikizidi huiumiza figo ile ile. Nikaona bora nikamwone kwa macho.

Saa mbili asubuhi basi lilitoka Dodoma. Baada ya Chemba mashamba ya alizeti yalitanda pande zote, na mama wa kiti cha jirani alinilisha karanga hadi nikamwomba aniache. Kondoa tulifika mchana, nikapanda bodaboda hadi kijijini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Mpaka kwetu umefika?"

Salima, anayeishi nyumba ya pili, alishaanza kusonga ugali wa uwele. Niliuliza yote niliyozoea kuuliza: dawa za miti shamba, kuharisha, saa za kumeza. Mzee alijibu vizuri kila swali. Nikazidi kuiamini karatasi yangu.

Saa kumi na mbili jioni, kabla ya chakula, Mzee Idd alitoa vidonge vyake viwili. Kimoja akameza. Kingine akampa Salima, kama mtu anavyomkatia mwenzake kipande cha muhogo.

"Mzee, hicho cha nini?" niliuliza.

"Figo zilikuwa mbili, daktari. Moja ninayo mimi, moja kabaki nayo yeye. Nitunze yangu peke yangu, nitakuwa mtu wa namna gani?"

Mashine yangu haina kipimo cha jambo hilo. Nilimweleza taratibu: figo iliyobaki mwilini mwa Salima iko nyumbani kwake, haihitaji dawa, hii nyingine ni mgeni, na bila vidonge vyote viwili mwili utaifukuza.

Salima aliinuka akaenda kwake, akarudi na kopo. Lilijaa vidonge.

"Sijameza hata kimoja," alisema. "Lakini ningekataa, angedhani najuta kumpa."

Nililia mbele yao, mtu mzima na shahada zangu zote.

Kesho yake nilirudi Dodoma na kuichana ile karatasi. Wanafunzi wangu nimewasimulia kosa langu bila kuficha, na sasa kila mgonjwa tunamuuliza dawa yake anakula na nani. Katika yote niliyogundua, hili ndilo ninalojivunia zaidi, na halikutoka maabara.

Majuma mawili baadaye ndugu hao walikuja kliniki. Dawa ilikuwa imepanda hadi panapotakiwa, na figo ilikuwa inafanya kazi vizuri. Nilimpongeza Mzee Idd, lakini aliinamisha kichwa.

"Nameza vyote, daktari. Ila naona aibu, kama ninakula peke yangu."

Salima akamtazama kaka yake.

"Meza, kaka. Vyote viwili ni vya figo yangu."