Eda Iliyoanzwa Upya

Mume wangu alipofariki, pale Mzenga, walinivisha nguo nyeupe za marekani wakanitia chumba cha ndani nikae eda. Wifi yangu, dada wa marehemu, alitoka Soga kuja kunilinda. Alikalia kigoda mlangoni kutwa nzima, kana kwamba nilikuwa na pa kukimbilia. Nikienda chooni, nafunikwa kanga gubigubi. Nikikohoa, naulizwa kulikoni.

Sikatai eda. Nilimlilia mume wangu kwa haki, na Mungu ndiye aliyeamuru nitulie. Lakini mimi nilikuwa mkunga, na watoto hawajui kusubiri eda ya mtu iishe.

Asubuhi moja nilisikia mke wa jirani ameshikwa na uchungu. Kwa vile alivyokuwa akilia, nilijua mtoto amekaa vibaya. Nikapaza sauti kupitia ukuta wa udongo: "Mpigisheni magoti! Msimlaze chali!"

"Sauti ya mwenye eda haitoki nje, wifi," mlinzi wangu akanikemea. "Unataka kaka yangu ateseke kaburini?"

Kilio kikazidi. Enzi zile za Mwingereza zahanati ilikuwa Kisarawe, mbali mno kwa mtu wa kubebwa machela. Nikajitanda kanga, nikamruka wifi na kigoda chake, nikatoka.

Mtoto alitanguliza matako. Tulihangaika mpaka adhuhuri, akatoka mzima. Aliyenishikia maji ya moto alikuwa binti mmoja wa ng'ambo ya mto, naye tumbo limeanza kuonekana, anatetemeka kuliko mzazi mwenyewe.

"Shangazi, na mimi utanizalisha?" akaniuliza.

"Nani mwingine? Nitakuzalisha mimi."

Niliporudi, wanawake wa ukoo walikuwa wameshajaa barazani. Eda imevunjika, wakasema, ianze upya. Mwalimu wa madrasa akaitwa. Alisimama nje ya pazia akasema haijavunjika, kuokoa roho ni dharura, na Mungu hakunifunga jela.

"Mwalimu anajua kitabu," wifi akajibu. "Mimi namjua kaka yangu."

Mwalimu akaondoka, wao wakabaki. Ningegoma, wangesema sikumpenda mume wangu, na nyumba yenyewe ilikuwa ya kwao. Nikakaa. Hasira niliyokuwa nayo! Nikiswali nilimwambia Mungu wazi kwamba eda ya kwanza niliikaa kwa ajili yake, hii ya pili nawakalia mawifi.

Miezi ikapita ndani ya kile chumba. Binti yule alikuwa akipita nyuma ya nyumba kwenda shamba, akinisalimu ukutani: "Shikamoo, shangazi. Tumekaribia." Nilimwitikia kwa kunong'ona, wifi asisikie. Kila alipopita, nilisikia hatua zake zimezidi kuwa nzito.

Kisha akaacha kupita. Nilipouliza, wifi alijifanya hasikii. Aliyeniletea habari ni yule jirani niliyemzalisha, mwanawe mgongoni. Alikaa chini, akanishika mkono kwa adabu. Binti alipata uchungu, akasema, mtoto amelala mkingamo. Wamewazika wote wawili.

"Mbona hamkuniita?"

"Alikuita sana, shangazi," akasema. "Sisi ndio tuliomkatalia. Hatukutaka kukuharibia eda tena."